Songwe mpaka Dar kwa ndege ni umbali gani na muda gani hasa? Mtandao unasema dakika 52, tiketi inasema saa moja na nusu

Kijana wa Uyole:
Wakuu habari za mihangaiko, wakubwa shikamooni. Nina jambo linanichanganya naomba wajuzi mnisaidie. Mama yangu mkubwa yuko Tukuyu, binti yake anaishi Dubai na amejifungua juzi, sasa kamtumia mama tiketi ya Dar kwenda Dubai, ndege inatoka Jumamosi 16:45. Kazi yangu mimi ni kumfikisha tu Dar. Mama mwenyewe hajawahi kupanda ndege hata siku moja, basi la kwenda Kyela linamtapisha.

Nimepata ya kutoka Songwe saa 12:30 inafika Dar 14:00, bado sijalipia. Nilivyogugo umbali nikaletewa kilomita 690 na dakika 52. Nikasema kumbe safi, hiyo 14:00 wameandika kwa kujihami tu, mama atakuwa Dar saa saba na dakika ishirini na kitu mchana, ana masaa matatu na zaidi, anakula hadi chakula. Lakini binamu yangu ni dereva wa semi anasema hiyo 690 ni uongo, yeye Mbeya Dar anaijua ni 830 na ushee na hakuna chombo cha kwenda 830 kwa dakika 52. Sasa nani mkweli hapa, mtandao, tiketi au binamu? Na je, mama atawahi?

Ticha wa Ipogolo:
Kamwene mkuu. Wote wakweli ila kila mmoja anapima kitu chake.

Binamu anapima lami. Lami inatoka Uyole inapita Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, inapanda mpaka huku kwetu Iringa, inashuka Kitonga, Mikumi, Morogoro, Chalinze, ndo Dar. Ukiangalia ramani hilo ni tao kubwa limeinamia kaskazini. Mtandao wenyewe unapima mstari ulionyooka kutoka uwanja hadi uwanja. Chukua rula piga mstari Songwe hadi Dar uone, unapita jirani na Mafinga, unavuka milima ya Udzungwa, unaangukia Kidatu, halafu unakwenda zako Dar na Morogoro mjini imebaki mbali kushoto. Iringa mjini yenyewe hauigusi. Kwaiyo hapo ndo zilikopotelea kilomita 140 za binamu.

Na msiniambie ni mambo ya kompyuta, hii ni hesabu ya sekondari ile mada ya dunia kama tufe ambayo wengi mliikimbia. Songwe iko kusini nyuzi 8 dakika 55, mashariki 33 na 16. Dar uwanjani ni kusini 6 na 53, mashariki 39 na 12. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 2.03, ya longitudo 5.93. Nyuzi moja ni kama kilomita 111. Kusini-kaskazini unapata 226. Mashariki-magharibi 5.93 mara 111 ni 658, ila kwa vile hatupo ikweta unazidisha na kosaini ya nyuzi 8 ambayo ni 0.99, inabaki 652. Pitagorasi hapo, 226 kipeo cha pili jumlisha 652 kipeo cha pili, tafuta kipeo: 690. Nimefanya nyuma ya daftari la mahudhurio sasa hivi wakati wanafunzi wanafanya mtihani.

Kwa umbali mfupi kama huu Pitagorasi inatosha. Ukienda mbali kama hiyo Dubai ya mama inabidi utumie fomula ya tufe yenyewe, utapata kama 3,980.

Konda Mstaafu:
Ticha wewe na Kitonga yenu 😂😂 sisi tumekula vumbi miaka ishirini hatujui kosaini na watu wamefika

Kijana wa Uyole:
Ticha umenimaliza aisee, ndaga fijo. Ila sasa dakika 52 imetoka wapi? Maana 690 gawa kwa 52...

Mzee wa Viwanja:
Mimi nimefanya kazi za chini uwanjani miaka mingi, kupakia mizigo, kuelekeza ndege kuegesha, sasa nimestaafu nafuga ng'ombe Igurusi. Ngoja nikueleze taratibu kijana wangu maana hili swali nimeulizwa mara mia.

Hizo tovuti za umbali hazijui ndege gani inakuja Songwe. Zinachukua mwendo mmoja, mara nyingi kati ya 800 na 900 kwa saa, zinagawa, basi. 690 gawa 800 utaona ni dakika 52 hizo hizo. Sasa jiulize, chombo kitakachombeba mama kinakwenda 800? Ikija Airbus ile A220 sawa, ikishafika juu kabisa inagonga 830 hivi. Ikija bombadia, zile Q400 za mapangaboi, ikijitahidi sana ni 660 na kitu. Ikija ATR nayo ya pangaboi ni 500 na kidogo tu. Piga mwenyewe, njia ile ile moja, ATR hewani inakaa saa moja na ishirini na zaidi wakati bombadia ni saa moja na dakika chache. Na watu wanadharau pangaboi bure, kwa safari fupi linakula mafuta kidogo na halina shida na kiwanja kifupi, ndo maana yapo.

Halafu hapo ni kama ndege ingekuwa inaanza na kumaliza na mwendo ule ule, jambo ambalo halipo. Inapanda kwanza. Songwe yenyewe iko juu, mita 1,300 na kitu kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, adhuhuri jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi na ndege ikijaa watu na mzigo inahitaji kukimbia zaidi ndo iachie ardhi, bahati nzuri kiwanja ni kirefu kinapita kilomita 3. Ikifika karibu na Dar inapunguza mwendo mapema sana, huwa naona abiria wanafunga mikanda wanadhani wamefika kumbe bado dakika ishirini. Dar kuna foleni ya angani pia. Kama kuna ndege tatu mbele yenu mnazungushwa, mara unaona bahari unashangaa Dar si tumeipita, hapana, anageuza aje atue upande wa mjini.

Na njia zenyewe hazijanyooka kama rula ya ticha. Ndege zina barabara zake huko juu, zinapewa vituo vya kupita, na Mbeya kuna milima, huwezi kukatiza popote unapotaka, ule mlima Mbeya tu peke yake ni zaidi ya mita 2,800.

Sasa la mwisho na ndo kubwa. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi siyo saa ya kuruka. 12:30 ni saa ndege inapoanza kusogea toka ilipoegeshwa, na 14:00 ni saa inaposimama kabisa Dar na magogo yanawekwa kwenye matairi. Katikati hapo kuna kutembea chini pande zote mbili, kusubiri ruhusa, na dakika kadhaa za kujihami kama ulivyosema mwenyewe. Kwaiyo hiyo saa moja na nusu hawajaidanganya, wameijumlisha. Hewani utakuta ni saa na dakika kumi. Panga safari yako kwa tiketi, usipange kwa tovuti.

Mama Parachichi Rungwe:
Jamani baba umeeleza vizuri mpaka mimi nimeelewa.

Ila mwanangu wa Uyole nikuulize, hizo tiketi ni mbili tofauti eeh? Ya Songwe umenunua kivyake na ya Dubai kivyake? Kama ni hivyo SIMAMA HAPO HAPO usilipie. Mimi mwaka juzi nilikuwa nawahi maonyesho ya kilimo nje, nikafanya hesabu kama zako, nikajipa masaa matatu Dar. Ndege ya huku ikatupandisha vizuri, tukafika... simalizii vizuri ngoja, hiyo ilikuwa ya kurudi. Ya kwenda ilikuwa hivi, asubuhi Songwe ukungu, ndege iliyotoka Dar kuja kutuchukua ilizunguka juu tunaisikia kabisa inaunguruma lakini haionekani, mwisho ikarudi Dar nayo, sisi tumekaa na bodingi pasi mkononi. Ilikuja tena saa tisa. Nilifika Dar ile ya nje imeshafunga geti. Nikaenda dirishani naeleza na machozi, yule dada akaniambia kwa upole kabisa mama sisi hatuhusiki na ndege uliyokuja nayo, kwetu wewe ni abiria ambaye hakutokea. Tiketi ikaenda hivyo. Wale wa huku nao wakasema sisi tumekufikisha Dar kama tiketi inavyosema. Na kweli kila mtu alikuwa na haki yake, mimi ndo nilikuwa mjinga katikati.

Ingekuwa tiketi moja, ya kampuni moja au kampuni zinazoshirikiana, ukichelewa wanakuhamishia wao. Na begi linakwenda moja kwa moja. Kwa tiketi mbili mama atatakiwa asubiri begi lake Dar, alitoe nje, ahame jengo maana ndege za ndani zinashushia Terminal 2 na za nje ni Terminal 3 ambalo ni jengo jingine kabisa, siyo mlango wa pili, achukue gari, apange laini upya ya kuchekin. Mama mwenyewe hajawahi. Na kuchekin kwa ndege ya nje kunafungwa saa nzima kabla ya kuondoka, yaani kwa hiyo ya 16:45 ikifika 15:45 ndo basi tena. Hesabu yako siyo masaa mawili na dakika arobaini na tano, ni saa moja na dakika arobaini na tano, toa nusu saa ya begi, toa kuhama jengo. Umebaki na nini?

Kijana wa Uyole:
Mama shikamoo, umenitoa jasho. Ni tiketi mbili ndiyo. Sijalipia, asante Mungu.

Sugu wa Mwanjelwa:
Na bado hamjahesabu Uyole mpaka Songwe 😂 kaka hiyo kipande ndo safari yenyewe. Kutoka Nsalaga mpaka airport ni kilomita 29 tu lakini zina semi zote za Zambia na Kongo zinazokwenda Tunduma, na barabara wanaipanua kwaiyo ni vumbi na kupishana. Semi moja ikizima mlima wa Iwambi imekula kwenu, mtakaa hapo mpaka mle mahindi ya kuchoma. Mimi nilishawahi kukaa Iwambi muda mrefu kuliko niliokaa angani, siku hiyo hiyo, safari hiyo hiyo.

Enzi zile uwanja ulipokuwa mjini ulikuwa unatoka nyumbani na kandambili. Songwe imeanza 2012 mwishoni, ndege kubwa zinakuja sawa, ila umbali tumeongezewa sisi. Na wageni msichanganye, uwanja unaitwa Songwe lakini uko mkoa wa Mbeya, mkoa wa Songwe ni wa Vwawa huko mbele. Kuna jamaa alipanda gari akashukia Vwawa akauliza uwanja uko wapi.

Msafiri wa Kasumulu:
Naongezea kitu kidogo cha kushangaza kuhusu umbali. Ticha pima na Lilongwe. Mimi nilipima, toka Songwe hadi uwanja wa Lilongwe mstari ulionyooka ni kama kilomita 540, yaani Lilongwe ni karibu kwetu kuliko Dar! Lakini ndege ya moja kwa moja hamna, kwaiyo ukitaka kwenda kwa ndege unaenda kwanza Dar 690 halafu unarudi tena kusini kama 970. Kilomita 1,660 kufika mahali palipo 540. Sisi wafanyabiashara tunapanda kosta hadi Kasumulu tunavuka daraja, Karonga, Mzuzu, tunalala njiani, hela kidogo. Pale mpakani usisahau kurudisha saa nyuma, Malawi wako nyuma yetu saa moja, kuna siku nilifika stendi ya Karonga nikadhani nimechelewa basi kumbe nimewahi na saa zima la kupoteza.

Ticha wa Ipogolo:
Nimepima, 541 😅 sahihi kabisa.

Na hapo kwenye saa umenikumbusha. Kijana wa Uyole, tiketi ya mama ya Dubai inasema inafika saa ngapi?

Kijana wa Uyole:
23:20

Ticha wa Ipogolo:
Umeona. 16:45 hadi 23:20 mtu akitoa haraka haraka anapata masaa sita na dakika 35. Lakini 23:20 ni saa ya Dubai na wao wako mbele yetu saa moja, kwaiyo kukaa ndani ya ndege ni masaa matano na dakika 35. Tiketi siku zote inaandika saa ya mahali ndege ilipo. Mwambie binti yake asimhesabie mama vibaya akaanza kupiga simu huku analia.

Na tafadhali mwandikie mama kwa saa zetu. Usimwachie karatasi ya 12:30 na 16:45. Marehemu bibi yangu aliandikiwa 07:40 akaelewa saa saba na dakika arobaini mchana, akaamka, akafua, akaota jua, wakati ndege ilishaondoka saa moja na dakika arobaini asubuhi. Andika 16:45 ni saa kumi na moja kasorobo JIONI, na aandikiwe kwa kalamu nene.

Binti Makambako:
Kwani lazima ndege? Mpandishe basi Ijumaa, siku hizi hadi ya usiku yapo. Ni masaa 12 mpaka 14 kutegemea na mizani na foleni, na ndani ya Mikumi mwendo ni 50 wanyama wasigongwe. Mkiogopa foleni ya kuingia mjini ashukie Morogoro apande treni ya umeme SGR aingie Dar bila kuona gari hata moja. Mimi nafanya hivyo, mgongo unanishukuru.

Konda Mstaafu:
Binti umeambiwa mama basi la Kyela tu linamtapisha, Kitonga si atatoa mpaka utumbo

Binti Makambako:
😂😂 samahani sikusoma vizuri

Mzee wa Viwanja:
Basi ni rahisi. Mama aruke Ijumaa. Hata ukungu ukitokea, ndege ikarudi, ikaja jioni, bado ana usiku mzima. Mna ndugu karibu na uwanja, Kipawa au Ukonga? Alale huko, Jumamosi saa saba mchana awe ameshaingia Terminal 3, masaa matatu na zaidi kabla. Mwombe kiti cha mbele ya bawa, mtu mwenye kichefuchefu asikae mkiani, mkia unayumba sana. Na asile maharage asubuhi hiyo, najua kwenu Tukuyu hamwezi kuyaacha, ila tumbo linajaa gesi kule juu, hilo nakuambia kama baba yako.

Kijana wa Uyole:
Wakuu narudisha mrejesho kama nilivyoahidi inbox kwa baadhi yenu.

Nilibadilisha nikamkatia ya Ijumaa ile ile ya 12:30. Nilimfuata Tukuyu Alhamisi akalala kwangu. Ijumaa tumetoka Uyole saa mbili na nusu asubuhi, Sugu hukukosea, Iwambi kulikuwa na semi imelala ubavu, tumefika uwanjani saa nne na dakika ishirini. Saa moja na dakika hamsini kwa kilomita 29. Nilikuwa nimekaa kwenye kosta nafanya hesabu ya ticha kichwani, ni mwendo wa kama kilomita 16 kwa saa, hata baiskeli ya yule mzee wa mkaa ilitupita mara mbili.

Ilikuja bombadia. Nilikuwa nimempa mama simu nikamwambia akiona gurudumu limeachia ardhi aangalie saa na likigusa aangalie saa. Nilidhani atasahau. Kaniambia ilisogea saa sita na dakika thelathini na tano, ikaachia saa sita na dakika arobaini na tatu, ikagusa Dar saa saba na dakika hamsini na tatu. Mzee wa Viwanja, saa na dakika kumi ile ile uliyosema, sijui uliiona wapi. Kusimama kabisa ilikuwa saa nane na dakika mbili. Tiketi ilisema saa nane.

Begi amelipata nane na nusu. Alilala Ukonga kwa shemeji. Jana ameruka na nusu saa iliyopita binti ametuma picha amembeba mjukuu. Kwenye ndege hakutapika hata kidogo, anasema ile ndege kubwa imetulia kama amekaa sebuleni, ila bombadia ilimtisha mwanzo alivyoona pangaboi linazunguka akamuuliza dada wa ndani "hilo feni la nini na huku hakuna joto?"

Amesema akirudi hataki kosta ya Uyole, tumkodie bajaji.